Mfereji haukatiki siku moja: Roma ilivyopoteza maji yake

Mwaka 97 BK Kaisari Nerva alimkabidhi Sextus Julius Frontinus usimamizi wa maji ya mji wa Roma. Frontinus alikuwa mwanasiasa mkongwe aliyewahi kuwa konsuli, cheo cha juu serikalini, na gavana wa Britania. Ufundi wa maji hakuujua, kwa hiyo akaanza na daftari. Daftari lilisema mifereji yote inaingiza kwinaria 12,755 (kwinaria ni kipimo cha maji cha Kirumi), kisha likasema maji yanayogawiwa ni kwinaria 14,018. Mji ulikuwa unagawa kwinaria 1,263 ambazo haukuwahi kuzipokea. Akaondoka ofisini, akaenda kupima kwenye vyanzo vyenyewe, akakuta maji yanayochukuliwa huko yanazidi hesabu ya daftari kwa takriban kwinaria 10,000.

Kwinaria ni ukubwa wa tundu: bomba lenye kipenyo cha dijiti moja na robo, yaani kama sentimita 2.3. Kipimo hicho kina kasoro, kwa sababu hakihesabu kasi ya maji. Tundu lilelile likiwekwa chini zaidi kwenye tangi la mgawo hupitisha maji mengi kuliko likiwekwa juu, na likielekezwa mkondo unakotoka huzidi tena. Frontinus aliliona hilo na akaliandika, ila hakuwa na njia ya kulitia kwenye hesabu. Kwa hiyo sehemu ya maji yake "yaliyopotea" huenda ilikuwa kosa la kipimo. Sehemu iliyobaki ilikuwa wizi, na namna ulivyofanyika aliieleza vizuri.

Nimeanza na daftari hili kwa sababu hadithi ya Roma kustawi na kuanguka husimuliwa sana kama mahubiri: walipata mali, wakazama kwenye karamu na uzinzi, wakalegea, washenzi wakaja. Wengine husema ni madini ya risasi ya kwenye mabomba yaliyowapumbaza. Risasi kweli haikuwa njema. Vitruvius, mwandishi wa mambo ya ujenzi karne moja kabla ya Frontinus, alionya kuwa mafundi wa risasi wana rangi ya kupauka, akashauri mabomba ya udongo. Lakini maji ya Roma yalikuwa na chokaa nyingi iliyopaka utando ndani ya bomba, na yalitiririka mfululizo bila kukaa humo kutwa nzima. Dola iliyodumu karne nyingi ikinywa maji hayohayo haiwezi kuelezwa kwa bomba peke yake.

Ninavyoona, ukitaka kujua Roma ilirudi nyuma lini na kwa nini, fuata kazi ya ukarabati. Uliza nani alisafisha mfereji, nani alimlipa, na nani alimkagua. Majibu yapo kwenye maandishi, na yapo kwenye mawe ya mifereji yenyewe.

Kuhusu kujenga, hakuna ubishi. Wagiriki walitangulia. Katika kisiwa cha Samos, karne ya 6 KK, Eupalinos wa Megara alitoboa mlima kwa handaki la mita 1,036, vikundi viwili vikichimba kutoka pande mbili na kukutana katikati. Tofauti ya sakafu pale walipokutana ni kama sentimita 60, na walikuwa na nyundo, patasi na hesabu za pembe tu. Shida yao ilikuwa mteremko. Handaki lilikuwa karibu tambarare, maji yasingetembea, ikabidi wachimbe mtaro wa pili kando ya sakafu, kina chake kama mita 4 upande wa chemchemi na zaidi ya mita 8 upande wa mji. Ndani yake wakalaza mabomba ya udongo karibu 5,000. Baadaye yalijaa tope na chokaa, na waliokuja kuyasafisha wakayakata sehemu ya juu ili mkono ufike ndani, yakageuka kuwa mfereji wa wazi. Kazi hiyo ya kukata naiheshimu sawa na handaki lenyewe, kwa sababu ndiyo iliyoufanya mradi uendelee kunywesha mji kwa vizazi vingi.

Warumi walichukua elimu hiyo wakaipa ukubwa. Mfereji wa Aqua Appia wa mwaka 312 KK ulikuwa na urefu wa kama kilomita 16, karibu wote chini ya ardhi. Aqua Marcia, iliyoanzwa mwaka 144 KK, ilifika kilomita 91. Kufikia mwaka 226 BK Roma ilikuwa na mifereji mikubwa 11. Pimamaji yao iliitwa korobate: ubao wa futi 20 wenye miguu miwili na timazi zinazoning'inia pembeni. Upepo ukizitikisa timazi, fundi alimimina maji kwenye kijitaro kilichochongwa juu ya ubao, urefu wa futi 5 na kina cha dijiti moja na nusu, akasoma usawa hapo. Kwa kifaa cha namna hiyo na subira, mfereji wa Nîmes kusini mwa Ufaransa ulitembea kilomita 50 ukishuka kama mita 12 na nusu tu. Hiyo ni wastani wa sentimita 25 kwa kila kilomita.

Sasa fikiria mfereji wenye mteremko mdogo kiasi hicho unahitaji nini ili uendelee kufanya kazi. Maji ya chemchemi za mawe ya chokaa yakitoka ardhini hupoteza gesi ya kaboni dioksaidi, na chokaa iliyoyeyuka humo hugandia kwenye kuta. Gamba hilo hukua milimita kwa milimita. Mwanzoni halina madhara. Baadaye linakwaruza mkondo, maji yanapunguza kasi na kina kinapanda. Yakifika juu ya lipu ya kuzuia maji, ile ya chokaa na vigae vilivyotwangwa, yanaanza kupenya kwenye ukuta mtupu. Ukuta ukiloa, mbegu zinaota kwenye nyufa. Mzizi ukiingia unapasua zege. Kwenye matao, maji yanayovuja hula chokaa ya viungo, na majira ya baridi huganda na kusukuma mawe. Hakuna adui hata mmoja hapo. Ni miaka michache ya kutokwenda kuangalia.

Ndiyo maana Warumi waliweka watu. Agrippa, mkwe wa Kaisari Augusto, alikuwa na kikosi chake cha watumwa 240 wa mifereji. Alimwachia Augusto, Augusto akakifanya mali ya umma. Kaisari Klaudio akaongeza kikosi cha pili cha watu 460, jumla ikawa 700. Walikuwamo wanyapara, walinzi wa matangi ya mgawo, wakaguzi wa kutembea njia nzima, mafundi wa kung'oa na kurudishia mawe ya barabara, na wapiga lipu. Kikosi kimoja kililipwa na hazina ya umma, kingine na hazina ya Kaisari. Walikuwa watumwa, na jambo hilo halipaswi kupambwa: fahari ya maji ya Roma ilisimama juu ya migongo ya watu wasiokuwa na haki ya kukataa kazi.

Ada za maji ziliingiza kama sesterti 250,000, sarafu za Kirumi, kwa mwaka. Linganisha na gharama ya kujenga Aqua Claudia na Anio Novus, ambayo mwandishi Plinio Mkubwa anaitaja kuwa sesterti milioni 350. Mradi wa namna hii haujilipi kwa bili za wateja. Na hata hizo 250,000 zilikuwa zimeelekezwa kwenye mfuko binafsi wa Kaisari Domitiano, mpaka Nerva alipozirudisha.

Sheria nazo zilikuwa wazi. Uamuzi wa seneti wa mwaka 11 KK uliagiza iachwe nafasi ya futi 15 kila upande wa chemchemi, matao na kuta, na futi 5 kwa mifereji ya chini ya ardhi na ya ndani ya mji. Hapo hakuna kupanda mti wala kujenga, na faini ilikuwa sesterti 10,000. Sheria ya mwaka 9 KK ikaweka faini ya sesterti 100,000 kwa atakayetoboa au kuharibu mfereji kwa makusudi. Kila aliyepewa kibali cha maji alifungiwa kwenye tangi mdomo wa shaba uliopigwa muhuri, usiopungua dijiti 12 kwa urefu. Walichagua shaba kwa kuwa risasi ni laini, fundi mjanja angeipanua kwa nyundo. Na kwa futi 50 za kwanza kutoka kwenye tangi bomba halikuruhusiwa kuwa pana kuliko kipimo, kwa sababu bomba pana likianza karibu na mdomo huvuta maji zaidi.

Hata hivyo waliiba. Frontinus alikuta midomo iliyopigwa muhuri ilhali ni mikubwa kuliko kibali, na mingine isiyo na muhuri kabisa. Kibali kilipohamia kwa mmiliki mpya, mafundi walitoboa tundu jipya na kuliacha la zamani wazi, wakauza maji yake kimyakimya. Chini ya barabara mjini kulikuwa na mabomba ya siri kila upande, kazi ya jamaa walioitwa watoboaji. Yalipofukuliwa, risasi iliyopatikana ilikuwa nyingi. Wanyapara nao waliwatumia watumwa wa umma kwenye majengo ya watu binafsi. Dawa ya Frontinus ilikuwa rahisi, na kwangu ndiyo sehemu bora ya kitabu chake: kila siku aliandika kikosi kitafanya nini kesho, na kila siku ikaandikwa kilichofanyika kweli.

Alijua pia ukarabati unavyopangwa. Kazi za zege zifanyike kati ya Aprili 1 na Novemba 1, zisimamishwe wakati wa joto kali, maana chokaa ikikauka upesi haishiki, na ikipigwa na barafu inaharibika vilevile. Mfereji mmoja tu ufungwe kwa wakati mmoja, mji usikauke. Tao likibomoka katikati, maji yavushwe juu ya pengo kwa mifereji ya muda ya risasi huku mafundi wakijenga.

Kwa hiyo tusiseme kwamba enzi njema ilikuwa safi na enzi mbaya ikawa chafu. Aqua Claudia yenyewe, fahari ya mwaka 52, ilifanya kazi kama miaka 10 ikaharibika. Maandishi ya Kaisari Vespasiano, ambayo mpaka leo yanasomeka juu ya lango la Porta Maggiore, yanasema ilikaa imekatika miaka 9 kabla hajairudisha mwaka 71. Miaka 10 baadaye Kaisari Tito, mwanawe, akaandika kwamba ameikarabati tena tangu msingi. Ujenzi wa haraka na usio makini ulikuwapo wakati dola ina nguvu zote. Kilichoitofautisha enzi hiyo ni kwamba uharibifu ulikutana na watu, fedha na ofisi yenye daftari.

Vitu hivyo viliondoka kimoja kimoja. Fedha ilitangulia. Dinari, sarafu ya fedha, ilianza kupunguzwa uzito na ubora tangu Kaisari Nero mwaka 64, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 260 sarafu kuu ya "fedha" ilikuwa na fedha halisi chini ya asilimia 5. Kati ya mwaka 235 na 284 walipita makaisari zaidi ya 20, na kila mmoja alilipa jeshi kwanza. Baada ya Aqua Alexandrina ya mwaka 226 hakukujengwa mfereji mwingine mkubwa wa kuingia Roma.

Kisha watu. Mwaka 330, mwaka uleule alipozindua Konstantinopoli, mji mkuu mpya, Kaisari Konstantino alitoa sheria kuhusu mifereji. Wenye mashamba ambayo mfereji unapita wasamehewe michango ya ziada, na badala yake wausafishe uchafu wao wenyewe. Miti ikae futi 15 mbali, kulia na kushoto. Atakayezembea ataporwa shamba. Isome taratibu, kwa kuwa humo ndimo mabadiliko yalimo. Futi 15 ni zilezile za mwaka 11 KK. Sheria haijalegea, adhabu imekuwa kali zaidi. Ila pale palipokuwa na kikosi cha kulipwa sasa pana wajibu wa mwenye shamba, na huyo ndiye mtu ambaye miti yake inapasua mfereji na bustani yake inatamani maji yake. Tena mfereji ni kitu kimoja kuanzia chemchemi hadi mji. Majirani 9 wakisafisha na wa 10 akaacha, maji yataishia kwa wa 10. Usimamizi wa vipandevipande hauwezi kulinda mteremko wa sentimita 25 kwa kilomita.

Matokeo tunayaona kwenye barua za Kasiodoro, aliyekuwa mwandishi wa Theodoriko, mfalme wa Wagothi aliyetawala Italia kuanzia mwaka 493 hadi 526. Katika barua moja kwa seneti ya Roma mfalme analalamika kwamba maji ya mifereji yanageuzwa kuendesha vinu na kumwagilia bustani, kwamba watumwa waliowekwa kwa kazi ya mifereji wamechukuliwa na watu binafsi, na kwamba shaba na risasi zinaibwa kwenye majengo. Nyingine inawaagiza wenye mashamba wang'oe miti iliyoota kwenye mfereji wa Ravenna. Miaka 400 baada ya Frontinus, makosa ni yaleyale, karibu neno kwa neno. Tena mlalamikaji ni Mgothi, yule anayedhaniwa kuwa mbomoaji.

Ni kweli Wagothi walikata mifereji, mwaka 537, mfalme wao Vitigis alipoizingira Roma iliyoshikwa na Belisario, jemadari wa Konstantinopoli. Mwanahistoria Procopius, aliyekuwapo, anaandika kwamba ilikuwa 14. Lakini anaandika na jambo jingine lisilotajwa sana. Mwaka mmoja kabla, Belisario aliingia Napoli kwa kupitia mfereji wa maji. Askari wake walikuta mwamba umeubana, na badala ya kuugonga kwa shoka wakaukwangua polepole kwa vyuma vyenye ncha, sauti isisikike, mpaka mtu mwenye ngao akaweza kupita. Watu kama 400 wakatokea ndani ya mji usiku. Mtu aliyefanya hivyo hawezi kuuacha wazi mlango wa namna hiyo nyumbani kwake. Alipofika Roma aliziba kila mfereji kwa ujenzi wa mawe. Wavamizi walikata kwa nje, walinzi wakaziba kwa ndani.

Vinu vya unga vya mlima Janiculum, vilivyoendeshwa na maji ya mfereji, vikasimama. Belisario akafunga kamba kutoka ukingo hadi ukingo wa mto Tiber, akazishikisha mashua mbilimbili zikiachana futi 2, akaweka gurudumu katikati ya kila jozi na jiwe la kusagia juu yake. Wagothi wakatupa magogo na maiti mtoni ili vivunjike. Akatandaza minyororo kuzuia. Mji ukaendelea kusaga unga. Ufundi, basi, haukuwa umepotea. Watu waliokuwa wakibuni kinu cha kuelea ndani ya mzingiro hawakuwa wamepumbaa. Vita viliendelea takriban miaka 20, Roma ikabadilishana mikono mara kadhaa, na mji uliowahi kuwa na watu karibu milioni moja ukabaki na makumi machache ya maelfu. Mwaka 602 Papa Gregori I alikuwa bado anaandika barua kuomba mifereji ipewe mtu wa kuitunza, maana inaharibika.

Mawe yanathibitisha maandishi. Huko Cahors, Ufaransa, gamba la chokaa la mfereji wa Kirumi lina alama za vyuma vya kukwangulia katikati ya matabaka, kila baada ya mwaka 1 hadi 5. Kwenye mfereji wa Nîmes usafishaji ulikoma, na gamba likanenepa mpaka karibu nusu mita ukutani, huku maji yakizidi kupungua. Huko nako hakuna aliyekata kitu.

Kisha kuna Konstantinopoli. Mji huo ulilishwa na mtandao wa mamia ya kilomita kutoka Thrakia, nchi iliyo magharibi mwake, ambao kwa takriban kilomita 50 una mifereji miwili, mmoja juu ya mwingine, yaelekea ili mmoja ukifungwa kwa ukarabati mwingine uendelee. Mwaka 626 Waavari, wavamizi waliouzingira mji, waliukata mfereji mkuu wa mtandao huo, uitwao wa Valens, na mji ukaishi miaka 140 bila maji yake. Mwaka 766 ukame ukabana, Kaisari Konstantino V akaamua kuurudisha. Mwandishi Theofane ametuachia orodha ya mafundi: kutoka Asia na Ponto waashi 1,000 na wapiga lipu 200; kutoka Ugiriki na visiwani wafinyanzi 500; kutoka Thrakia vibarua 5,000 na wafyatua matofali 200. Watu 6,900. Waliwekewa wasimamizi, na maji yakaingia mjini. Baada ya hapo mfereji ulitunzwa mpaka karne ya 12, na wataalamu walipopima gamba la chokaa lililobaki ndani yake, baada ya takriban karne 7 za kutumika, walikuta ni la miaka kama 27 tu. Lililokuwa limetangulia lilikwisha kukwanguliwa.